Habari za Kazini

Tunu, mhasibu wa kampuni ya saruji, alirudi nyumbani kula mchana. Alikuwa anavua viatu mlangoni mama mkwe wake alipomuuliza, "Habari za kazini?"

Kesho kampuni ingetangaza hasara kubwa. Kabla ya hapo, kumdokezea mwenye hisa yeyote lilikuwa kosa la jela, na mama mkwe alikuwa na hisa.

Kila siku Tunu alijibu papo hapo. Leo neno lilichelewa kidogo.

"Nzuri, mama."

Mama mkwe alimtazama, kisha akampigia dalali wake simu. "Uza hisa zangu zote, sasa hivi."

"Mama, mimi sijasema kitu."

"Kwani nani kasema umesema?"

Kiatu kimoja kikiwa bado mkononi, Tunu alijaribu tena kusema "nzuri" kwa sauti yake ya kila siku.