Godoro Ndani ya Kontena

Mafundi walikuwa wameng'oa nusu ya paa, na wingu zito linakuja. Bi Mwanakombo akaliendea kontena la taka alilokodi kwa ajili ya mabati chakavu. Ndani akakuta godoro.

"Nani kanijazia kontena langu?" akauliza, sauti imempanda.

Jirani yake, Mzee Haruni, alikuwa amesimama kibarazani kwake. "Ni mimi, dada yangu. Godoro la marehemu mke wangu. Nimelilalia peke yangu mpaka arobaini yake. Nimeshindwa."

"Mama, mvua hiyo," fundi akaita kutoka juu. "Kitanda chako kitalowa."

Bi Mwanakombo hakugeuka. Aliokota bati moja la zamani, akalifunika godoro taratibu.