Figo ya Venant

"Jina lako nani?" Venant aliuliza.

"Venant Luhende."

"Na Masalu ni nani kwako?"

"Kaka yangu, tumbo moja."

Venant akaridhika. Hapo nyuma ya kiwanda cha samaki, Nyakato, akamkabidhi Muganyizi kitambulisho chake cha taifa. Picha yake ilikuwa giza tupu. Ingeweza kuwa ya mwanamume yeyote wa Kanda ya Ziwa.

Figo za Masalu zilikuwa zimekufa zote mbili, damu yake ikisafishwa kwa mashine. Ndugu zake walishapimwa, wote wakagonga mwamba, alibaki Venant. Na Venant aliogopa kisu, tena si kidogo: hata kwa kinyozi alinyolewa akiwa amefumba macho. Kukataa mbele ya mama yake hakuweza. Lakini mtu akipimwa akakosa, nani atamlaumu?

Wazo alipewa na daktari mwenyewe, bila daktari kujua. Aliwaeleza ndugu kwamba kila mtu ana alama zake mwilini, nusu kutoka kwa mama, nusu kutoka kwa baba, na kwamba mtu baki kulingana na mgonjwa ni sawa na kuokota pete yako tumboni mwa sangara. Venant akaenda kutafuta mtu baki. Muganyizi, mwenzake wa kiwandani, alimfaa kabisa: Mhaya wa Kagera, aliyekulia kwa watu, hana mama wala shangazi. Mhaya na Msukuma, wapi na wapi.

Nyumbani akaaga kwamba akishapimwa atapitiliza Sengerema, amepata kibarua cha ujenzi. Akapanda kivuko, akasubiri. Wiki kadhaa baadaye Muganyizi akapiga simu.

"Majibu yametoka. Wewe hupasuliwi."

Venant alifurahi mpaka akajionea aibu. "Kuna aliyekuona?"

"Mayu alinikuta kwenye benchi, akanipa uji."

"Ukamwambia wewe nani?"

"Nilimwambia ukweli, kwamba nafanya kazi na wewe." Kisha akaongeza: "Kitambulisho nakaa nacho kwanza."

Mhaya kumwita mama wa watu mayu, kama Msukuma! Venant akacheka peke yake. Kisha akailegeza sauti, akampigia mama yake kumpa pole kwamba naye amekosa. Mama Rebeka hakulia wala hakulaumu.

"Haya," alisema. "Kaa na kazi yako."

Tangu hapo simu za nyumbani zikakoma, naye akaushukuru ule utulivu.

Miezi ikapita. Siku moja Selina, jirani yao wa Mirongo, akampigia kumwambia kwao limefungwa turubai. Hakusubiri kusikia zaidi. Alikata simu, akakimbilia kivuko. Katikati ya maji aligundua kwamba hofu ya kisu imemtoka, maana sasa haikuwa na kazi tena. Alimpenda kaka yake. Angempa figo, alijiambia. Angempa hata zote mbili.

Turubai lilikuwepo kweli, na viti vya plastiki, na masufuria ya wali juu ya mafiga. Venant akaangua kilio tangu barabarani.

"Masalu, kaka yangu, umeniacha na nani?"

Watu wakageuka, sahani mikononi. Katikati yao Masalu, shavu limejaa nyama, akaacha kutafuna.

Mama Rebeka alimtazama Venant kwa muda, bila hasira yoyote.

"Venant," akaita.

Venant akafuta machozi, akapiga hatua mbele. Lakini upande wa kulia wa Masalu, Muganyizi alikuwa ameshaanza kuinuka, polepole, mkono mmoja ubavuni.

"Naam, mayu."

"Mkaribishe mgeni, mwanangu."