Sufuria la Mtaa

Wanaume wanne walilibeba sufuria la mtaa wakalitua uani kwa Bi Mwajabu. Ni lile la misiba, ambalo kila nyumba iliyofiwa hupelekewa kabla hata sanda haijakatwa. Siku alipomzika mwanawe Shomari, aliyerudishwa maiti kutoka vitani, hakupelekewa. Aliambiwa limetoboka. Mtaa mzima ulijua kwamba alikuwa amesema hadharani vita vile ni upuuzi.

Sasa vita vimekwisha, na majirani wamekuja kumsomea Shomari hitima.

"Hata sisi, Bi Mwajabu, vita hatukuvitaka tangu mwanzo," alisema Mzee Kibwana, mtunzaji wa sufuria. "Ila wakati ule nani angethubutu kusema?"

"Mimi nilisema."

Mzee Kibwana akainamia viatu vyake. Nyuma yake watu walikuwa wameshakaa mikekani, kila mmoja akisimulia alivyovichukia vita moyoni.

Bi Mwajabu aliwasha moto, akateleka sufuria, akalijaza maji mpaka juu. Akainama kulitazama chini. Halikuvuja hata tone.

Kisha akaingia ndani, akatoka na kikombe kimoja cha mchele, kiasi kile kile alichojipikia peke yake siku ya maziko. Akaumimina. Punje zikazama zisionekane.

"Kaeni," aliwaambia, akifunika. "Mtakula wote."

Uani mazungumzo yakakatika. Hakuna aliyeinuka. Wakabaki wanautazama mvuke ukitoka pembeni mwa kifuniko.