Moshi Kabla ya Magharibi

Amos Caunter alipanda mlima mbiombio, mtaimbo begani, akishindana na jua. Kule juu, kwenye duara la kuta za mawe zilizoachwa na watu wa kale, kuna mtu alikuwa anaezeka paa.

Desturi ya Dartmoor, nyika ya vilima kule Uingereza, kila mtu aliijua: ukiezeka kibanda kwenye malisho ya wote, na moshi ukafuka kabla jua halijatua, hakuna wa kukutoa tena. Na kuta zile zilisimama pale tangu enzi na enzi. Zilikosa paa na mlango tu. Mjanja huyo alikuwa amengoja siku ambayo bonde zima limeshuka gulioni.

Ni Jabez Hext, Amos hakuwa na shaka. Alimfukuza kazi majuzi, na Jabez akaondoka akisema watakutana. Habari zilimkuta Amos gulioni. Alipita nyumbani kuchukua mtaimbo, akamwita mama yake amletee viatu vya matope. Kimya. Tangu Amos alipooa, bibi kizee alikuwa akilazwa darini juu ya zizi la ng'ombe, na siku hizi alijitia uziwi. Amos akatukana, akaondoka na viatu vyake vya gulioni.

Alifika anahema. Jabez alikuwa juu ya ukuta, akikandamiza mabonge ya mwisho ya nyasi.

"Shuka, mwizi wewe, kabla sijakuvunja miguu."

"Umechelewa, bwana," Jabez alisema bila kugeuka. "Tazama juu."

Moshi mwembamba ulikuwa ukipenya paani. Jua lilikuwa bado halijatua; ndiyo kwanza limegusa kilele.

"Moto huo nitauzima sasa hivi. Na wewe utalala mtaroni na wanao."

"Mimi na wanangu kesho tunahamia kwa shemeji. Hapa nimesaidia tu kuezeka."

"Umemsaidia nani? Bonde hili hakuna mwenye ubavu wa kuninyang'anya malisho."

Jabez alishuka, akajifuta mikono kwenye suruali, akampisha njia.

Amos aliusukuma mlango kwa bega, akaingia ameinama, mtaimbo mbele. Moshi ukamwingia machoni. Alipoyafumbua, alimwona mama yake ameketi kando ya moto, anakoroga uji wa shayiri.

"Rudi nje, Amos," alisema mama. "Ubishe hodi."