Mwendo wa Tisini

"Shika usukani wewe, usikie mwenyewe," mumewe alimwambia Cuiping, akasimamisha lori kando ya barabara kuu ya Chengdu. "Mafundi wananiona mwehu."

Wa leo alikuwa fundi wa tatu. Wote walisawazisha magurudumu, wakabadilisha tairi za mbele, wakasema lori halina ugonjwa. Mumewe akashikilia lake: mjini, akikata kona, usukani mzima; lakini barabara ikinyooka, mwendo wa tisini, mikono imepumzika juu yake, unaanza kutetema.

Cuiping, aliyezoea kupika wali nyuma ya viti na kumpokea usukani akichoka, akakalia kiti cha dereva. Akaongeza mwendo. Themanini. Tisini. Usukani umetulia kama maji mtungini.

Akageuka amtanie kwamba kumbe lori humwogopa mwanamke.

Mumewe alikuwa amepakata chupa yake ya kioo yenye chai, na mkono uliolala juu yake ulikuwa ukitetema, majani yakicheza ndani ya kioo. Alipoiinua anywe, mkono ukatulia. Alipoirudisha pajani, ukaanza tena. Ndivyo ulivyoanza mkono wa marehemu baba mkwe.

Mwenyewe hakuuona. Macho yake yalikuwa kwenye usukani.

"Umeusikia?" akauliza, kama mtu anayeomba.

Cuiping akatazama barabara.

"Nausikia, mzee wangu. Unatetema vibaya. Niache niendeshe mimi mpaka tufike."

"Si niliwaambia," akasema, akaegemea kiti na kucheka, mara ya kwanza tangu baridi iingie, huku kidole gumba kikigongagonga chupa.