Hoja ya Nne ya Waendesha Pikipiki

Soulé alikuwa katikati ya hoja ya tatu Mheshimiwa Elamine aliposinzia.

Hoja ya kwanza ilikuwa uhuru. Ya pili, utalii. Ya tatu, aliyoisoma kwa Kifaransa akiamini kwamba sheria haisikii lugha nyingine, ilidai kuwa magurudumu ya pikipiki hulegeza udongo na kuisaidia miti kuota. Mbunge alikoroma kidogo, kwa adabu.

Soulé, muuza vipuri wa mji wa Hell-Ville, alikuwa mwenyekiti wa chama cha pikipiki za milimani: wanaume kumi na mmoja wa kisiwa cha Nosy Be ambao kila Jumapili walipanda kwa kishindo njia ya msituni iliyo juu ya kijiji cha Ambondrona, wakashuka, wakapanda tena. Sasa bungeni kulikuwa na mswada wa kuzifunga njia za namna hiyo kwa chombo chochote cha injini, na mwenyekiti wa kamati husika, Mheshimiwa Elamine, alikuwa mapumzikoni, nyumbani kwake Mahajanga. Soulé na shemeji yake Maoulida, katibu wa chama, walikuwa wamevuka maji na kuendesha siku mbili ili wamwone. Njia ile ikifungwa, Soulé angelazimika kushinda Jumapili nyumbani na mkewe, dada yake Maoulida, balaa ambayo hata Maoulida hakumtakia.

“Mwambie habari za kaburi, shemeji,” Maoulida alinong'ona kwa Kimalagasi.

Mbunge alifumbua jicho moja. “Kaburi gani?”

“La sharifu mmoja, mheshimiwa,” alisema Soulé, akikunja karatasi zake. “Liko juu kabisa, njia inapoishia.”

“Anaitwa nani?”

“Jina lake halitajwi. Ni mwiko.”

Mbunge alikaa wima. Katika pwani ile wakubwa wengi waliokufa hawaitwi tena kwa majina yao, na mtu mwenye malezi haulizi mara ya pili. Kaburi lenyewe lilikuwepo. Mwenye shaka angeweza kupanda akaliona: mawe yaliyopakwa chokaa, urefu wa mtu mzima, na kitambaa cheupe kwenye kijiti.

“Nanyi huenda kuzuru?”

“Kila Jumapili.”

“Si Alhamisi?”

“Alhamisi watu wako kazini, mheshimiwa. Na mlima ni mkali. Bila pikipiki, wazee hawafiki.”

Mheshimiwa Elamine alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu. Uhuru haukumwamsha, wala utalii. Hili lilimtoa machozi. Aliandika mistari minne kwa mkono wake mwenyewe. “Nendeni, wanangu. Njia yenu nitaitaja kwa jina ndani ya sheria.”

Mwezi wa nane simu ilifika Hell-Ville: sheria imepita, na njia imetajwa. Maandishi yenyewe yalikuwa bado njiani, lakini chama hakikuona haja ya kusoma jambo ambalo tayari kimeshinda. Kilichinja mbuzi wawili.

Wiki mbili baadaye mbunge alikuja mwenyewe. Wanachama walimpokea chini ya mlima kwa injini kumi zikinguruma pamoja. Watu wa kijiji cha Ambanoro walikuwa wamekuja pia, karibu mia mbili, maana habari za sharifu zilikuwa zimesikika redioni.

“Zimeni,” alisema mbunge.

Wakazima. Alifungua karatasi yenye mhuri, akasoma. Mahali pale pametambuliwa kuwa pa ziara. Kuanzia nyumba ya mwisho hadi kileleni, marufuku injini. Wote watapanda miguu mitupu, kama ilivyo desturi.

“Na wazee, mheshimiwa?” Soulé aliuliza.

“Hilo ulinifundisha wewe.” Mbunge aligeuza ukurasa. “Wazee watabebwa mgongoni na wanachama wa chama cha pikipiki, kila Jumapili. Nimewaandika kwa majina.”

Bi Kalathoumi wa Ambanoro, ambaye hakuwa mwembamba, alishatangulia mbele ya wote. “Nani ananibeba mimi? Wewe mwenye kitambi? Haya, inama, tumwone mwanamume.”

Soulé aliinama. Walitumia saa nzima kufika. Kila alipopumzika bibi alimpiga begani. “Taratibu, mwanangu, mimi si gunia la mpunga. Kwani hukuzoea? Si unapanda kila wiki?”

Kileleni mbunge aliinua mikono, akasoma Fatiha. Jua la saa sita lilikuwa limeyapasha mawe moto. Bi Kalathoumi alijikokota hadi kaburini, akagusa jiwe la chini, akainua kidole kilichong'aa.

“Jamani! Linatoa mafuta!”

Watu walisukumana. Walichovya vidole, wakajipaka kwenye magoti, machoni, kwenye mapaji ya nyuso za watoto wachanga. Maoulida alifunika uso kwa mikono miwili, na wanawake wakanong'onezana kwamba, tazama, kijana wa watu, imani imemzidi.

“Ee mwenyekiti,” alisema mbunge, naye ana doa jeusi katikati ya paji la uso, “lia tu. Usione haya.”

Soulé aliyatazama mafuta yale. Juma moja kabla ya safari ya Mahajanga, yeye na wenzake walipotafuta kitu chenye urefu wa mtu ili wakifunike kwa mawe, hawakupata kingine ila pikipiki ya Maoulida.