Springi za Romanus

Fundi Ilyasi alichomoza kutoka uvunguni mwa Landkruza, akajifuta vumbi usoni, akamuuliza Romanus huwa anabeba nini humo, mawe au binadamu.

"Soda, unga na sabuni," Romanus alijibu. Kisha akashusha sauti. "Na mwalimu mmoja."

Ilyasi alimtazama kidogo, akarudi uvunguni. Gereji yake ilikuwa Mbinga mjini, nyuma ya soko, na kwa miaka ishirini alikuwa ameshasikia kila sababu inayomfanya mwanamume atengeneze gari.

Romanus alikuwa mgane wa miaka hamsini na mbili. Kila siku ya kazi alitoka Liuli asubuhi kusambaza bidhaa kwenye maduka ya njiani hadi Kihagara, kwa barabara ya vumbi inayofuata ziwa. Na kila asubuhi Mwalimu Luisa, aliyefundisha darasa la pili huko Kihagara, alipanda naye kiti cha mbele.

Gari lilikuwa gumu. Springi zake zilikuwa za mizigo mizito, pleti tisa kila upande, na hazikujua kuinama. Kila shimo lilimrusha Luisa hadi karibu na paa, na akishuka alishukia begani kwa Romanus.

"Baba Vitalis," alikuwa akisema, huku amelishika shati lake, "siku moja gari hili litaniua."

Basi waliendelea na safari wakipayuka ili kuzishinda kelele za vyuma: habari za wanafunzi watoro, za dagaa aina ya usipa kuadimika, za Vitalis mwenyewe, ambaye alikuwa ameoa Songea na hapigi simu.

Romanus aliyachukua yale maneno ya kuuawa na gari kama yalivyo. Tena akaja Jastin, bwana shamba mpya, na gari lake laini la kutembelea. Siku moja dukani Liuli, Romanus alimsikia kwa masikio yake akimwambia Luisa kwamba yeye pia hupita Kihagara kila asubuhi, na kwamba ndani ya gari lake mtu anaweza kunywa chai bila kumwaga hata tone. Luisa alimshukuru, akasema atafikiria.

Jumatatu yake alipanda Landkruza kama kawaida. Romanus akajua ni huruma tu, na huruma ya namna hiyo haiwezi kufika Krismasi.

Ndiyo maana aliuza nguruwe wawili aliokuwa akiwanenepesha, akapandisha gari Mbinga. Ilyasi alishinda kutwa nzima akifungua na kufunga. Aliweka springi mpya laini, shokapu nne, na bushi zote akabadilisha. Springi za zamani akazirundika ukutani. Mwishowe akabandika stika yenye jina na namba yake ya simu kwenye dashibodi, mbele ya kiti cha abiria, kama alivyofanya kwa kila gari alilojivunia.

"Sasa hata mgonjwa aliyetoka kupasuliwa utambeba," alisema.

Jumatatu iliyofuata walipofika kwenye shimo la kwanza, gari liliinama taratibu likainuka taratibu, kama mama mtu mzima anayepiga goti kanisani. Luisa hakusogea. Alisubiri shimo la pili, nalo likapita hivyo hivyo.

"Umelifanya nini?" aliuliza.

"Nimelitengeneza." Alikuwa amepanga kuongeza kwamba ni kwa ajili yake, lakini akabadilisha gia tu.

"Ni zuri," alisema Luisa, akageuka kutazama ziwa.

Jumanne alikuja na madaftari na kalamu nyekundu, akayaweka mapajani, akasahihisha mpaka Kihagara. Alama zake za vema zilinyooka kama za mtu aliyekaa ofisini. Jumatano ilikuwa vivyo hivyo. Alhamisi alikuwa amemaliza ya darasa la pili, akaazima ya darasa la tatu.

Ndani ya gari kulikuwa kimya kiasi kwamba Romanus aliisikia kalamu ikikwaruza karatasi. Bega lake la kushoto lilikuwa jepesi, na wepesi ule ulimsumbua kuliko uzito wowote. Ijumaa alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu ajifunze udereva. Aliliona shimo kubwa la karibu na daraja, lile linalokwepwa hata na ng'ombe, akalilenga kwa makusudi na kukanyaga mafuta.

Luisa aliinua kalamu, akasubiri gari litulie, akaishusha tena kwenye hesabu za kutoa.

Jumamosi Romanus alipandisha tena Mbinga. Njia nzima alitafuta maneno, maana kumwambia fundi akutolee kizuri akurudishie kibovu ni aibu. Alipofika alisalimia, akauliza habari za nyumbani, akauliza habari za kahawa, akauliza habari za nyumbani mara ya pili. Ilyasi alijibu zote kwa subira.

"Zile springi za zamani," Romanus alisema hatimaye. "Bado zipo? Maana hizi mpya, unajua, kwa mizigo yangu..."

Ilyasi hakucheka. Alimwonyesha nyuma ya mlango. Springi zilikuwa zimelazwa juu ya gunia, zimeoshwa, zimepakwa grisi.

"Nilikuwa nizipeleke kwenye chuma chakavu," alisema. "Lakini Jumatano alinipigia simu mwalimu mmoja wa kike, kutoka huko kwenu ziwani. Akaniomba nikuwekee. Alisema utakuja kuzifuata leo, au Jumamosi ijayo."

Romanus alikaa juu ya tairi bila kuangalia kama ni safi.

"Akauliza pia," Ilyasi aliendelea, akiokota spana, "kama naweza kuongeza pleti ya kumi, ziwe ngumu zaidi kidogo."